Hesabu ya Ghala

Karani ametoka mjini na kichupa chake cha wino,
ameketi kwenye meza tuliyoikokota kutoka kinuni.
Mguu wake mmoja uliungua, nimeuwekea tofali.
Anauliza: mlipoteza nini, na kwa bei gani?

Ngano, namwambia, magunia mia mbili na kumi.
Kinu cha maji, na mawe yake mawili.
Ng'ombe wa maziwa wanne. Wa tano alirudi peke yake
siku ya tatu, kiwele kimevimba, hagusiki.
Huyo je, aliyerudi, anahesabiwa?
Karani anakuna sikio kwa kalamu. Hahesabiwi.

Ilikuwa Oktoba, mwaka wa sitini na nne,
matufaha yameshachumwa, pipa la siki limeshafungwa.
Tuliona moshi kusini, mwembamba kama uzi.
Jost akasema, kuna mtu anachoma majani.
Kisha nyuzi saba. Kisha tukaacha kuhesabu,
na bonde zima la Shenandoa likashonwa na mbingu.

Wakaja vijana wa buluu juu ya farasi.
Si mashetani; laiti wangekuwa mashetani.
Mmoja hana hata ndevu, Kijerumani chake kama changu,
akanivulia kofia: "Mama, ni amri. Nyumba hatuigusi.
Ni ghala tu, na kinu."
Kama mtu akwambiaye: roho hatuigusi, ni tumbo tu.

Jost wangu hakushika bunduki ya upande wowote,
imani yetu haina bunduki.
Upande ule walimtia gerezani kwa kukataa.
Upande huu wakamchomea ghala
ili upande ule ukose mkate.
Wapiganapo tembo, watu husema, ziumiazo ni nyasi.
Zetu zilikuwa zimeshakatwa, zimeanikwa, zimefungwa vizuri;
ziliwaka kwa kiberiti kimoja.

Gurudumu la kinu lilizunguka hadi usiku wa manane,
maji hayajui vita. Lilisaga hewa, likasaga cheche,
mhimili ulipokatika likalala kijitoni kiubavu.
Asubuhi maji yalikuwa meupe kwa unga
na samaki wakala mkate wetu wa majira yote ya baridi.

Binti yetu Lovina alikufa Februari.
Si kwa moto. Usiinue kalamu, karani,
najua hana safu yake hapo.
Nimeutaja mwezi tu.

Shahidi? Ndiyo, sheria inataka shahidi.
Absalom Tolliver, ametoka Ohio kwa treni, kwa nauli yake.
Viatu vyake vinang'aa. Zamani hakuwa na viatu.
Alikuwa mali ya Pennebaker, ng'ambo ya kijito,
nasi kila mavuno tulimkodi.
Kanisa lilikataza. Mavuno hayakungoja kanisa.
Ujira wake tuliutia mkononi mwa bwana wake,
sarafu kwa sarafu, tukanawa, tukasali, tukala.

"Uliuona moto?"
"Niliuona."
"Ngano ilikuwa nyingi?"
"Niliivuna mimi. Ilikuwa nyingi."
Karani anaandika. Hamwulizi lingine.

Nje, akifunga vifungo vya koti, ndipo aliponiambia:
usiku ule alifuata magari ya jeshi kupanda kilima,
kambeba mama yake mgongoni, njia haijui, mwezi hakuna.
"Ghala lako, Bi Salome, lilituangazia hadi kivukoni.
Nilikuwa nikigeuka nyuma kila hatua.
Si kwa huzuni. Niliomba lisizimike."

Nilitaka kukasirika. Niliitafuta hasira
kama mtu atafutaye ufunguo katika mfuko uliotoboka.

Karani amekunja karatasi, amekwenda. Serikali itafikiri.
Usiku huu nimewasha taa, nahesabu upya.
Magunia mia mbili na kumi. Ng'ombe wanne. Kinu.
Kisha nageuza karatasi, upande ambao hakuna aliyeniuliza:
mavuno sita ya Absalom,
siku arobaini kila mavuno,
senti hamsini kwa siku.
Kalamu inakwaruza. Meza inayumba juu ya tofali lake.